Kubadilisha nyundo ya Ruger Single-Six, ya kiwandani kidole gumba hakifiki

Kidole_Kifupi (Ohio)

Wakuu habari za wikiendi. Mlioko huku Marekani mnaopiga shabaha au kuwinda kindi naomba msaada. Nina rivolva ya Ruger Single-Six, New Model, ile inayouzwa na silinda mbili, moja ya .22 ya kawaida na nyingine ya .22 Magnum. Bastola haina kasoro, inapiga vizuri kuliko mwenye nayo. Shida ni nyundo, kile chuma cha nyuma unachokivuta kwa kidole gumba kukoki, yaani kuiweka tayari kupiga. Kile kimkia cha kukokia kimekaa juu mno, sasa mimi kidole gumba kifupi, nikitaka kukoki kwa mkono mmoja mpaka nilegeze mpini, na nikishakoki mkono umehama naanza kushika upya. Wife ndo kabisa, anakoki huku mtutu unazunguka, sipendi.

Nimesikia watu wanatoa hii wanaweka ya Super Blackhawk, rivolva nyingine ya Ruger, mkia wake mpana na umelala chini. Inaingia yenyewe au lazima tupa ifanye kazi? Halafu hii yangu inakwaruza ubavuni, upande wa kulia kuna mstari unang'aa. Nikibadilisha na hilo litaisha? Msiniambie nipeleke kwa fundi tu, wa huku kwetu bei yake unakaribia kununua nyingine.

---

Msasa_Laini

Mkuu swali zuri. Kwanza hakikisha kweli ni New Model, angalia ubavu wa fremu: ukiona skrubu tatu hiyo ni ya zamani, ya 1953 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70, ukiona pini mbili ni New Model iliyoanza 1973. Ndani ni mashine mbili tofauti na nyundo haziingiliani, kwahiyo ukinunua spea bila kutaja hilo utatumiwa chuma cha kukandamizia karatasi mezani.

Kama ni New Model, ndiyo, nyundo ya Super Blackhawk ndiyo wengi wanaweka kwa sababu hiyohiyo ya kidole. Kukaa kwenye pini yake hakuna kazi. Kazi ipo kwenye vitu vinavyogusana na hiyo nyundo, na hapo ndipo watu wanafunga haraka haraka wanaenda kupiga.

Cha kwanza ile transifa baa. Ukivuta triga kale kabapa kanapanda kanakaa kati ya nyundo na pini ya kufyatulia, nyundo inapiga baa, baa inapeleka pigo kwenye pini. Ukiachia triga baa inashuka, uso wa juu wa nyundo unaegemea fremu na pini haiguswi kabisa, ndo maana New Model unaweza kubeba na risasi zote sita. Sasa usoni kwenye nyundo kuna ngazi ya kuipa hiyo baa nafasi. Ngazi ikiwa na kina kidogo baa inabanwa kila ukipiga, na baa inayobanwa siku moja inakatika. Ikiwa na kina kikubwa, pigo lote linaishia kwenye fremu na pini inaambulia mguso tu. Kwenye .22 hiyo inauma zaidi maana baruti ya kuwashia iko kwenye ukingo wa ganda, lazima ukingo ubonyezwe haswa, mguso wa huruma hauwashi kitu.

Kupima ni rahisi. Bastola TUPU, hakikisha mara mbili, risasi ziwe chumba kingine. Koki, vuta triga ukiwa umeishika nyundo uishushe taratibu mpaka chini, triga bado umeivuta. Sasa achia triga polepole. Ikirudi laini bila kusita uko sawa, ikikwama kidogo kisha ikaruka baa inabanwa, usipige hivyo.

Cha pili ni kile kidole kinachosukuma silinda, kimeshikana na nyundo. Ukinunua nyundo iliyotumika inaweza kuja na kidole cha bastola nyingine. Kitoe, weka cha kwako cha zamani, chako kimeshazoeana na meno ya silinda zako. Usipofanya hivyo silinda inaweza isifike mahali pake kabla nyundo haijakokika, na tundu likikaa pembeni na mtutu risasi inanyolewa wakati wa kuingia, vipande vya risasi vinarukia waliosimama pembeni. Na wewe una silinda mbili, pima kwa zote mbili, moja kufanya vizuri sio dhamana ya nyingine.

Cha tatu lile jino triga inapokamata. Usiliguse kwa tupa wala msasa, ugumu wa chuma uko juu juu tu na pembe yake sio ya kukadiria kwa macho. Ukishafunga, bastola tupu, koki, halafu sukuma nyundo kwa nguvu kutoka nyuma bila kugusa triga. Ikianguka, toa hiyo nyundo rudisha ya zamani siku hiyohiyo. Hapo sasa ndio fundi hakwepeki hata kama bei ni ya kununua nyingine.

Kuhusu kukwaruza usinunue chochote kwanza. Paka ubavu wa nyundo maka peni nyeusi, koki na kushusha mara kadhaa, angalia wino umefutika wapi. Ukifutika chini inakofichwa na fremu ya mpini, legeza skrubu za mpini kisha zikaze upya kwa zamu kidogo kidogo, mara nyingi mpini umekaa upande. Ukifutika juu basi nyundo inacheza kwenye pini yake, kuna vishimu vyembamba vya chuma vya kuweka pande mbili ikae katikati. Nyundo mpya bila shimu inaweza kukwaruza palepale.

---

Bibi_Shabaha

Mimi nauliza tu, kwanini mnakoki kwa mkono mmoja? Mkono wa kulia shika mpini uuache hapohapo, koki kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto ule unaosaidia. Mkono hauhami, mtutu hauzunguki, na mkeo atakoki bila kuhangaika. Mie nina mikono midogo na Single-Six ya kiwandani sijabadilisha kitu. Nyundo ya kuwinda sawa, labda mkono mmoja umeshika kitu, lakini kwa shabaha mnatafuta sababu ya kufungua skrubu. Wanaume mkiwa na bisibisi mkononi mna raha sana.

---

Kamba_ya_Mwambao (Mombasa)

😂😂 Bibi umemaliza. Mimi napita tu, huku Kenya hata hiyo rivolva yenyewe mpaka Firearms Licensing Board wakupe leseni, nawaza ukimwambia afisa nilikuwa nabadilisha nyundo mezani kwangu atakuangalia vipi. Ila swali: zile nyundo za Bisley, rivolva nyingine za Ruger, si ndio mkia umelala zaidi? Kwanini asiweke hiyo?

---

Msasa_Laini

@Kamba mkia wa Bisley umelala zaidi kweli, lakini nyundo yake na mpini wake vimechorwa viende pamoja. Kuiweka kwenye mpini wa kawaida ni kuchonga chuma, hapo umetoka kwenye kubadilisha spea umeingia ufundi. Super Blackhawk ndio njia fupi.

@Bibi nakuunga mkono asilimia mia kwenye shabaha. Ila kwa kindi, mkono mmoja umeshika tawi, bado nataka mkia wa chini.

---

Kidole_Kifupi

Asanteni sana. Nimeangalia, pini mbili, ni New Model. Maka peni nimeshafanya, wino umefutika chini kabisa kwenye mpini, kwahiyo naanza na skrubu. Wife nimemuonyesha njia ya Bibi amekoki bila shida na sasa ananicheka, ila nyundo bado naitaka ya kuwindia. Nikiwa nimefungua niweke na springi nyepesi kabisa? Naona zinauzwa kwa seti. Na kupima kavu hivi, yaani kufyatua bila risasi, siharibu kitu?

---

Msasa_Laini

Springi acha. Badili kitu kimoja, piga, ndio uende kingine. Ukibadili vyote siku moja halafu risasi zikagoma kuwaka hutajua ni ngazi ya nyundo au ni springi, na .22 Magnum ukingo wake ni mgumu zaidi, springi nyepesi ndio hapo inaumbuka.

Kupima kavu nunua zile plagi za plastiki za njano za kuingizia skrubu ukutani, zipo duka lolote la vifaa vya ujenzi, namba 4 mpaka 6, zinaingia kwenye tundu la .22 ya kawaida na pini inapiga plastiki badala ya chuma. Ikichakaa tupa weka nyingine. Na kabla ya kila zoezi angalia ile pini ndefu ya silinda imeingia mpaka mwisho na imejifunga, ikiwa imechomoza kidogo inaharibu baa.

Uwanjani siku ya kwanza weka risasi moja tu, piga, toa ganda uangalie alama kwenye ukingo, ilinganishe na maganda uliyopiga kwa nyundo ya zamani. Hayo ya zamani kayaweke pembeni kabla hujafungua chochote.