Fundi wa kompyuta wa njia ya sokoni, Mtwara mjini: eti kama nataka upepo niende ufukweni!

Wakuu salaam, ila salamu zenyewe nazitoa nimenuna.

Yule fundi wa kompyuta wa njia ya sokoni, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye kiti kimoja cha wateja na chenyewe kimevunjika mguu. Huyohuyo. Kanidhalilisha leo mbele za watu, naandika hapa mikono bado inatetemeka.

Mimi nahariri video za harusi. Mashine ilikuwa inachemka, nikifika katikati ya kazi inazima puu! Nikanunua feni nne za milimita 120, nikampelekea azifunge. Kazi ya bisibisi tu jamani, skrubu nne kila feni.

Naenda kuichukua, kaiwasha kwa mbwembwe. Kelele! Mashine ya kukoboa mpunga ina adabu kuliko ile. Wenzetu ng'ambo ya Ruvuma lazima walitoka nje kuangalia ndege gani inashuka. Nikaweka kiganja nyuma ya keisi nisikie joto likitoka. Hamna kitu. Nikamuuliza kwa upole, "Fundi, mbona huku nyuma hakutoki upepo?" Akanitazama kuanzia ndala mpaka kilemba, akasema: "Dada, kama unataka upepo nenda ufukweni."

NENDA UFUKWENI. Wateja wakaangua kicheko. Hata mtoto wa shule aliyekuja kutoa fotokopi kacheka, na fotokopi yenyewe hajalipia.

Nimefika nyumbani nikachukua tishu. Nikaiweka mbele ya keisi, ikanata. Juu, ikanata. Nyuma, ikanata! Feni zote nne zinavuta ndani. Sasa joto litokee wapi, kwenye tundu la USB? Feni ya prosesa, yaani ya ubongo wa mashine, inasukuma hewa ya moto kwenda nyuma, feni ya nyuma inairudisha ndani, zinagombana humo na mlipa umeme ni mimi. Na feni haina siri: upande wenye vile vikono vinavyoshika mota, ndiko upepo unakotokea. Nyingine zimechorwa hadi mshale ubavuni. MSHALE! Za mbele zivute, ya nyuma na ya juu zitoe, basi. Lakini ukiuliza, nenda ufukweni.

Ufukwe wenyewe nakaa Shangani, nikifungua dirisha huo hapo. Ananielekeza yeye?

Sijaja kuomba ushauri. Nina hasira tu.

Pweza Mkavu: Siti ya mbele nimekaa, leteni korosho.

Kijana wa Chikongola: Mkuu pole, ila jibu tamu hilo 😂😂

Mleta uzi: Mimi si mkuu, ni dada. Na hakuna tamu hapo.

Bisibisi Butu: Dada, hizo kelele ni kwa sababu kaziunga moja kwa moja kwenye pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani. Zinapata volti 12 muda wote, zinazunguka mpaka mwisho wa uwezo wao. Zihamishie kwenye mazabodi, ile bodi kubwa inayounganisha vyote. Zikiwa za pini nne, mazabodi yenyewe itapunguza na kuongeza mwendo kufuata joto. Za pini tatu, ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka, uchague ziendeshwe kwa volti. Na kama mbele panaingia za milimita 140, weka hizo, zinapitisha hewa ileile kwa mzunguko mdogo. Skrubu usizikaze kwa hasira, weka na vimpira fremu isitetemeshe bati.

Mleta uzi: Ahsante kaka, lakini umesoma pale aliponiambia niende ufukweni?

Bisibisi Butu: Nimesoma. Nimecheka kidogo, nisamehe.

Wa Nanyamba: Una bahati wewe. Mimi zangu kazifunga zote zitoe nje! Keisi ikawa inavuta hewa kwa kila upenyo usio na chujio, na ilikuwa msimu wa korosho, vumbi la maghala ndilo mnalijua. Kuifungua, ndani unaweza kupanda muhogo.

Kijana wa Chikongola: Muhogo kwa feni, hahaha. Kumbe jamaa ana usawa, mmoja zote ndani, mwingine zote nje.

Mama Wawili: Nyie bado mnazo kompyuta zenu. Fundi friji kaondoka na kompresa yangu, nikipiga simu anasema yuko Masasi.

Pweza Mkavu: Afadhali Masasi. Fundi cherehani wangu yuko Newala na suruali yangu ya Idi. Ninavyomjua, kaivaa.

Mleta uzi: Jamani, tunaongelea feni.

Wa Nanyamba: Mama Wawili, huyo wa friji si yule wa pikipiki nyekundu? Kama ndiye, kaniwekea gesi nusu na hela kachukua yote. Kamfungulie uzi wake, nakuja na ushahidi.