Brexit: Ushuru ni sifuri, mbona wafanyabiashara wadogo wa Uingereza wamelikimbia soko la Ulaya?

MLETA MADA

Wanajamvi, salaam. Juzi kuna mwenzetu alitoa hoja kwamba Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, haijaidhuru biashara ya Uingereza, kwa sababu mkataba uliofungwa Desemba 2020 kati ya London na Umoja wa Ulaya uliacha ushuru wa forodha ukiwa sifuri, bila ukomo wa kiasi cha bidhaa. Akamalizia kwamba kinachosingiziwa Brexit ni Korona na vita ya Ukraine. Naipinga hoja hiyo, na nasema hivyo nikiwa mtu ninayeshinda na makaratasi ya forodha kutwa nzima, ofisi ya uwakala kusini mwa Uingereza, si mbali na Dover, bandari ya kuvukia kwenda Ufaransa.

Hiyo sifuri imeandikwa, ni kweli. Ila huipati mpaka uthibitishe kwamba bidhaa imetengenezwa Uingereza au Ulaya, siyo imepita tu. Kuna mama mmoja Mtanzania, yuko Leicester, alikuwa akileta madera na abaya kutoka Dubai. Nyingine anauza hapahapa, maboksi mengine anawapelekea wenye maduka Rotterdam. Kabla ya 2021 alilipa ushuru wa nguo mara moja, asilimia 12, mzigo unapoingia Uingereza. Baada ya hapo kupeleka Rotterdam kulikuwa sawa na kupeleka Manchester. Sasa boksi lilelile likivuka linatozwa asilimia 12 nyingine, kwa kuwa dera si la Uingereza wala la Ulaya, na VAT ya Uholanzi juu yake. Yapo maghala ya forodha ya kuepuka kulipa mara mbili, lakini gharama zake anazimudu mwenye makontena, siyo mwenye maboksi sita. Alijaribu miezi minne akaacha. Wateja wake wa Rotterdam siku hizi wanaagiza Dubai wenyewe.

Kwenye chakula ndiyo balaa zaidi. Nyama, samaki na maziwa haviingii Ulaya bila cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo au ofisa aliyeidhinishwa, na huyo anadai ujira wake uwe umejaza lori zima au una paleti moja. Wadogo walikuwa wakichangia lori, kama sisi tunavyochangia kontena. Mwanzoni mwa 2021 nilikuwa na lori la namna hiyo, wateja kumi na wawili, kila mmoja na paleti yake. Likazuiwa upande wa Ufaransa kwa sababu cheti kimoja, cha jibini, muhuri wake ulipigwa kwa wino mweusi, rangi ileile ya maandishi yaliyochapwa. Kanuni inataka rangi tofauti ili cheti halisi kisichanganywe na nakala. Wenzake kumi na mmoja wakakaa wanamsubiri, na mmoja wao alikuwa na samaki wabichi. Nilikuwa kwenye simu na yule wa samaki saa nane usiku. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama barafu itatosha.

Haikuchukua muda, baadhi ya wasafirishaji wakasitisha kupokea mizigo ya kuchangia yenye chakula. Hapo mdogo kakwama, na hakuna ushuru hata senti moja uliomkwamisha.

Kwa wanaotaka takwimu: watafiti wa London School of Economics walikuta kampuni zipatazo 16,400 zimeacha kabisa kuuza bidhaa Ulaya, sawa na asilimia 14 ya zilizokuwa zikiuza huko. Mauzo ya bidhaa nje yalipungua kwa pauni bilioni 27 mwaka 2022, ilhali kampuni kubwa zilihimili. Korona iliwapiga Wafaransa na Wadachi pia. Haiwezekani ugonjwa ukamchagua mdogo anayeuza Calais, Ufaransa, ukamwacha mkubwa anayeuza Calais hiyohiyo.

Karibuni. Anayepinga aje na hoja.

MCHANGIAJI

Mkuu, sikatai habari ya jibini wala ya madera. Ila unatazama mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi.

Kabla ya kura ya Juni 2016, Wizara ya Fedha ya Uingereza ilitabiri kwamba wakichagua kutoka tu, uchumi ungedorora mara moja na ajira nusu milioni zingepotea. Haikutokea. Huduma, yaani benki, bima, sheria na ushauri, ndizo zinazoibeba nchi ile, na mauzo yake nje yamepanda. Mwaka 2025 Marekani ilipowatandika watu ushuru, Uingereza iliambulia asilimia 10 kwa bidhaa nyingi, Umoja wa Ulaya ukaishia kwenye 15. Wangekuwa ndani wangepata hizo 15. Mwaka huohuo wakasaini mkataba wa biashara na India, India ikikubali kushusha ushuru wake wa wiski kutoka asilimia 150 hadi 75, kisha 40. Mwanachama wa Umoja wa Ulaya hana ruhusa ya kufunga peke yake mkataba wa namna hiyo.

Na wengi walipiga kura wakijua kuna gharama. Walitaka sheria zao zitungwe kwao. Hilo nalo lina thamani, hata kama halionekani kwenye hesabu za forodha.

MLETA MADA

Nakushukuru, na kwenye huduma nakubali bila kung'ang'ana. Ushuru wa Marekani pia, umenishika, hiyo ni faida ya kweli. Utabiri wa 2016 ulikosea, na nadhani kosa lile limeiumiza nchi, kwa sababu watu walioahidiwa mafuriko walipoona manyunyu waliamua hakuna mvua.

Lakini pima mikataba hiyo kwa uzito wake. Kuingia kwao kwenye umoja wa kibiashara wa nchi za Pasifiki, Desemba 2024, serikali yenyewe ilikadiria kutaongeza chini ya asilimia 0.1 ya pato la taifa, tena kwa muda mrefu. Ofisi yao ya makadirio ya bajeti, OBR, inasema kutoka Ulaya kutapunguza tija kwa asilimia 4. Mwenye kiwanda cha wiski Uskochi atafurahia India, na anastahili. Mwenye paleti moja ya jibini atampata wapi mteja Mumbai?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ulaya walianza kukagua mizigo ya Uingereza siku ya kwanza, Januari mosi 2021. Uingereza ikaahirisha ukaguzi wake mara tano. Vyeti vya vyakula kutoka Ulaya vikaanza kudaiwa Januari 2024, ukaguzi wa mkono Aprili. Kwa miaka mitatu Mfaransa aliingiza jibini yake bila cheti huku Mwingereza anamlipa daktari. Mei 2025 wakakubaliana London kujadili mkataba utakaoviondoa vyeti hivyo, na sharti ni kufuata kanuni za Ulaya. Kwenye chakula basi, sheria wanayorudi kuifuata inatungwa Brussels, na safari hii hawana kura.

Na kwa aliyeuliza sisi wa Afrika Mashariki inatuhusu nini: tazameni waridi la Naivasha. Tanzania na Uganda zina nafuu ya ushuru ya nchi maskini zaidi, Kenya haina. Kwa hiyo Uingereza ilipotoka, Kenya ililazimika kutafuta mkataba wake, ukasainiwa London Desemba 2020. Ua likipanda ndege Nairobi likashukia Uingereza, sifuri. Lakini maua mengi hupitia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, na ua lilelile likitokea huko lilidaiwa asilimia 8 kwa kuwa halikuja moja kwa moja. Ushuru huo ulisimamishwa Aprili 2024, tena kwa muda, hadi Juni 2026. Karatasi za namna hiyo nimezishika mara nyingi: asili Kenya, limetokea Uholanzi, asilimia 8. Na mwenye duka la maua anapiga simu kuuliza limefika wapi, maana Siku ya Wapendanao haiahirishwi.