Kiyoyozi kinapoza lakini unyevu haupungui, naomba ushauri

Wakuu, naomba ushauri kabla msimu wa joto na unyevu haujakolea.

Kiyoyozi ni cha ukutani, BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), chumba ni mita za mraba 14. Umeme ulizimwa kwenye swichi kuu, vichujio vikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kivulini. Koili ya nje (mabomba yanayopitisha gesi ya kupoza) imesafishwa kwa maji ya presha ndogo, maana presha kubwa hukunja mapezi yake, yaani vibati vyembamba. Lita 1 ya maji iliyomiminwa kwenye trei ya ndani ilitoka yote kwa bomba la nje, kwa hiyo njia ya maji haijaziba.

Vipimo: hewa inayoingia nyuzi 28, inayotoka 17. Tofauti ya nyuzi 11 ni nzuri, na koili haigandi barafu. Lakini unyevu unabaki asilimia 70. Kompresa (pampu ya gesi) hukimbia dakika 5 tu, inakata, huku feni ikiendelea kupuliza juu ya koili yenye maji na kuurudisha unyevu chumbani.

Nashuku mashine ni kubwa kuliko chumba. Je, kuweka feni kasi ya chini na hali ya kukausha ("Dry" kwenye rimoti) kutatosha, au ninunue mashine ya kuondoa unyevu?

Fundi anataka kuongeza gesi bila kupima. Gesi haiishi kwa matumizi. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Nimkatalie?