Canter ya zamani inazima mlimani: tenki, pampu au umeme? Tulinganishe

MamaMigomba (Moshi)
Habari za jioni wakuu. Nina Canter ya zamani, injini 4D33, inabeba ndizi kutoka Mwika hadi soko la Kilombero, Arusha. Ikiwa tupu haina neno. Ikishapakia, ukivuka Kikafu ukaanza kupanda kuelekea Kwa Sadala inapoteza nguvu, inakohoa, inazima. Dereva anainua kabini, anapiga pampu ya mkono, anasubiri kidogo, inawaka na safari inaendelea. Ikikaribia Tengeru mchezo uleule.

Mafundi wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anataka tusafishe tenki na kubadili filta. Wa pili anasema pampu ya dizeli ishuke ikapimwe. Wa tatu anataka kufunga kipampu cha umeme kisukume mafuta. Bei zao zimepishana sana. Nianze na lipi? Ndizi haingoji mtu barabarani.

Chalii_wa_Unga_Ltd
Pampu hiyo, mama. Gari ya umri huo plunja (vile vyuma vya ndani ya pampu vinavyosukuma dizeli) zimekwisha. Shusha, ipimwe pamoja na nozeli zinazopulizia dizeli kwenye injini, usahau.

FundiPasua
Mdogo wangu, taratibu. Plunja zikiisha gari inakuwa ngumu kuwaka, hasa injini ikiwa ya moto, na nguvu inapungua kila siku, mlima na tambarare. Haifi halafu ikafufuka kwa kupigwa pampu ya mkono. Gari ya mama inafufuka. Hiyo inakosa mafuta tu.

Sasa mafuta yanakosekana wapi? Fuata njia yake: mfuniko wa tenki (una tundu la kupumulia, vumbi likiliziba tenki linavuta ndani mpaka mafuta yanagoma kutoka), bomba la kunyonyea ndani ya tenki na kichujio chake, mipira, halafu pampu ndogo ya kuvutia iliyokaa ubavuni mwa pampu kubwa. Kwenye boliti ya kuingizia mafuta ya hiyo pampu ndogo kuna kachujio ka waya. Watu wanabadili filta kubwa kila mwezi na hako hawajawahi kukaona! Kifungue kwanza, ni kazi ya spana moja. Baada ya hapo ndiyo filta, halafu valvu ya mafuta yanayorudi. Springi yake ikilegea presha haikai na gari inakosa nguvu.

Kwa hiyo kati ya yale majibu matatu mimi naanza na la kwanza, lakini si kwa kubahatisha. Mwambie dereva siku ikizima afungue mfuniko wa tenki kabla ya kugusa kitu kingine. Ukisikia tenki linavuta pumzi, umemaliza kazi bila kununua spea.

WayaMweusi
Mmeruka umeme kabisa. Kuna gari inazima kwa sababu solenoidi ya kwenye pampu (swichi ya umeme inayofungua na kufunga dizeli) imekatikiwa moto: waya umelegea, swichi ya funguo imechoka, ethi (waya unaofungwa kwenye bodi) ina kutu. Pampu za rotari, zile fupi zinazogawa mafuta kwa kuzunguka, zina ugonjwa huo sana.

Mama, inazima ghafla kama mtu amezungusha funguo, au inakohoa kwanza?

MamaMigomba
Inakohoa kwanza, baba. Dereva anasema inaanza kuvutavuta, anashusha gia, ndipo inakufa. Na pampu ni ile ndefu ya mstari, si rotari.

WayaMweusi
Basi mimi najitoa. Umeme ukikatika hauagi.

DerevaHimo
Shikamoo mama. Jaribio la dumu ndilo litakalowamaliza mabishano. Chukua dumu safi la lita 20, tia dizeli, lifunge vizuri kwenye bodi. Chomoa mpira unaotoka kwenye tenki, pampu inyonye dumuni. Mpira wa kurudisha nao uingie kwenye dumu, la sivyo dizeli yote inahamia tenkini na mtasimama kwa sababu nyingine kabisa. Pakia, panda mlima uleule. Ikipanda bila kuzima, ugonjwa uko nyuma, kati ya tenki na pampu. Ikizima, uko mbele, na hapo yule wa kupima pampu apewe nafasi.

FundiPasua
Nakubali, ila angalia urefu. Dumu likikaa juu ya bodi mafuta yanashuka yenyewe, hata pampu ya kuvutia iliyochoka itaonekana nzima. Jaribu juu, halafu lishushe usawa wa tenki ujaribu tena. Ikipanda likiwa juu na kuzima likiwa chini, mchawi ni pampu ya kuvutia. Na weka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kabla ya pampu. Upande wa kunyonya, mpira uliopasuka hauvuji dizeli, unavuta upepo. Utatafuta tone chini ya gari mpaka jua lizame. Mapovu kwenye mpira mweupe ndiyo yatakayokuambia.

MeruKaskazini
Msisahau mafuta yenyewe. Tangu 2011 serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa uchakachuaji, yaani kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, si kama zamani, lakini dizeli ya kununua kwenye madumu njiani mara nyingi ina maji. Fungua nati ya chini ya filta, kinga kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji yatakaa chini.

MamaMigomba
Nimerudi na majibu. Kwenye chupa hakuna maji. Mfuniko wa tenki hauvuti. Dumu juu: imepanda Kikafu na mzigo kamili, haikuzima. Dumu usawa wa tenki: imepanda vilevile. Tumerudisha mpira wa tenki, imezima palepale. Kwenye mpira mweupe hakuna mapovu, mafuta yanapita membamba tu.

FundiPasua
Hakuna mapovu na mafuta ni membamba: kuna kitu kimeziba. Toa bomba la kunyonyea ndani ya tenki.

MamaMigomba
Mmh! Kichujio kimevikwa magamba ya kutu na vipande vya silikoni nyekundu. Kuna fundi aliwahi kuziba geji ya tenki kwa silikoni.

DerevaHimo
Ndiyo maana ikiwa tupu ilikuwa inakwenda. Mzigo na mlima vinataka mafuta mengi, pampu inavuta kwa nguvu, takataka zinabandika kwenye kichujio. Injini ikizima mvuto unaisha, takataka zinadondoka chini ya tenki, mnawasha tena mnasema mungu mkubwa.

Chalii_wa_Unga_Ltd
Haya, pampu imepona. Ila kipampu cha umeme si kingesaidia?

FundiPasua
Kingenyonya takataka zilezile kwa nguvu zaidi. Halafu Canter hii ni volti 24, na vipampu vingi vya dukani ni vya 12.

Mama, shusha tenki lote lioshwe kwa dizeli, mbili tatu, mpaka itoke safi. Kama lina tundu, asije mtu akachomelea kabla halijaondolewa mvuke wote wa mafuta, linalipuka. Geji ifungwe kwa gasketi ya mpira wa mafuta, silikoni basi. Filta weka mpya leo, na nunua nyingine ya akiba ikae kwenye gari, maana kutu iliyobaki itaendelea kushuka safari chache za mwanzo.

MamaMigomba
Tenki linashuka kesho asubuhi. Akiba nimeshanunua.