Eti "abiria watazoea"! Huyu wa slaidi ya nauli nani alimpa maiki?

Reli Mbili (mleta uzi)

Wakuu, simtaji jina, mnamjua. Yule yule. Leo mmemwona wote akiwasilisha mpango wa usafiri wa jiji, amesimama mbele ya ramani yenye mistari minne ya rangi, kila mstari ni njia moja na unakula mabilioni, halafu akafungua slaidi ya "Vyanzo vya Fedha" na ndani kuna neno moja tu. NAULI. Herufi kubwa za kuonekana kutoka mwezini. Akaulizwa: nauli zisipotosha? Akajibu bila kupepesa macho: "Tutapandisha. Abiria watazoea."

Abiria watazoea!

Mtu amesoma mpaka vyuo vimeishiwa vyeti vya kumpa, halafu anakuja na hilo. Haya, tupige hesabu ambayo yeye hakupiga. Chukua njia moja ya treni ya chini ya ardhi, kilomita 20, dola milioni 100 kwa kilomita, na hiyo kwa kazi ya kuchimba ni bei rahisi. Mkopo wa bilioni 2, riba asilimia 8, miaka 25. Marejesho ni dola milioni 187 kila mwaka. Mpe abiria 300,000 kwa siku, siku 330 za kujaa: safari milioni 99. Gawanya. Dola 1.89 kwa kila safari ni deni tupu. Hujalipa umeme, hujalipa dereva, hujalipa fundi, hujanunua hata balbu ya stesheni.

Na hilo la "tutapandisha"? Wanaopanga usafiri wana kanuni ya siku nyingi: nauli ikipanda asilimia 10, abiria hupungua karibu asilimia 3. Kwa hiyo mapato yanaongezeka asilimia 6.7, si 10. Wanaokimbia kwanza ni wa safari fupi na wa saa za mchana, ambao viti vyao vilikuwepo tu na havikuongeza gharama yoyote. Unabaki na wa saa moja asubuhi, ambao ndio wanaokulazimisha kununua treni za ziada zinazolala karakanani kutwa nzima. Umempoteza abiria wa bei rahisi, umebaki na wa bei ghali, halafu unapanda jukwaani kusema watazoea!

Nawasilisha. Nina hasira za kuendesha mabehewa sita bila umeme.

Kituo cha Mwisho

Gazeti lote hili kwa slaidi moja? Mkuu kunywa maji kwanza.

Ila umesahau kwamba dakika tano kabla ya hapo alisema "mradi utajilipa wenyewe". Kwangu hilo ni baya zaidi. Kuala Lumpur walijaribu: kampuni mbili binafsi za treni za mjini, STAR ya 1996 na PUTRA ya 1998, zote zilikuwa za kujilipa kwa nauli. Abiria hawakufika kiasi kilichoandikwa kwenye makadirio, mgogoro wa fedha wa 1997 ukapita hapo hapo, na serikali ikazichukua pamoja na madeni yake.

Bi Hesabu

Reli Mbili, hesabu yako imempendelea huyo bwana. Riba haisubiri treni ya kwanza. Ujenzi ukichukua miaka mitano na unachota milioni 400 kila mwaka, kidogo kidogo, kwa riba hiyo hiyo ya 8, siku ya kukata utepe deni si bilioni 2 tena, ni bilioni 2.44. Marejesho yanapanda hadi milioni 228 kwa mwaka. Dola 2.31 kwa safari.

Halafu weka abiria halisi. Utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake kuhusu miradi ya reli ulikuta gharama zilizidi makadirio kwa wastani wa karibu asilimia 45, na abiria waliopatikana walikuwa karibu nusu ya waliotabiriwa. Hata ukiacha gharama kama zilivyo, ukikata abiria nusu tu unafika dola 4.61 kwa safari. Na mshauri elekezi aliyeandika ile namba ya abiria anakuwa ameshalipwa zamani, yuko mji mwingine anaandika namba nyingine.

Reli Mbili

Dada nakushukuru. Dola 4.61! Na mtu anasema watazoea! Nimerudia kuangalia ile video, alipolisema alikuwa ANAKUNYWA CHAI. Amelisema, akapiga funda, akaendelea na slaidi ya rangi za viti.

Mpima Ardhi

Kelele za nauli zinawapoteza. Lalamikieni ardhi. Ile ramani yenye stesheni zote ameionyesha hadharani LEO, kabla ya kuthamini kiwanja hata kimoja. Nyinyi mnaona chai, mimi naona wizi.

Fedha za mtandao wa usafiri ziko pembeni ya stesheni. Stesheni inapandisha thamani ya kila kiwanja kinachofikika kwa miguu, kwa kawaida mita 800 kuzunguka mlango. Hong Kong walilielewa mapema: kampuni ya reli, ambayo serikali ndiyo mwenye hisa nyingi, inapewa haki za kujenga juu ya stesheni kwa bei ya ardhi kama reli isingekuwepo. Inaingia ubia na wajenzi wa majumba, inachukua sehemu yake ya faida, inachimba njia nyingine. London, kwa ajili ya Crossrail (njia ya treni inayopita chini ya jiji), waliweka tozo ya peni 2 kwa kila pauni ya thamani ya pango ya majengo makubwa ya biashara kuanzia Aprili 2010, na 2012 wakaongeza tozo kwa majengo mapya.

Lakini kutoza ardhi kuna utaratibu wake. Tarehe ya uthamini inawekwa KABLA ya njia kutangazwa. Unathamini ardhi peke yake, bila jengo, la sivyo unamwadhibu aliyejenga na kumwachia aliyefuga majani. Mwenye nyumba anayeishi humo unamdai siku anapouza au anapoomba kibali cha kuongeza ghorofa, kwa sababu utajiri wake uko kwenye karatasi na mfukoni hana kitu. Mwenye jengo la biashara unamdai kila mwaka. Na unaajiri wathamini wa kutosha na kuweka baraza la rufaa, kwa sababu pingamizi zitamiminika na kila pingamizi ni fedha iliyosimama.

Ramani ikivuja kabla ya hapo, madalali wananunua usiku, uthamini unakuta bei imeshapanda, na ongezeko ulilotaka kulitoza limeingia mfuko wa mtu mwingine. Yeye hakusubiri hata ivuje. Ameitundika ukutani kwa projekta.

Mzee wa Hati Fungani

Mpima umesema vizuri, ila mkandarasi anataka fedha mwezi wa kwanza, na fedha ya ardhi inakuja mwaka wa kumi. Pale kati lazima ukope. New York walipopeleka treni namba 7 hadi eneo la Hudson Yards waliuza hati fungani, yaani karatasi za mkopo, za kulipwa kwa kodi za majengo yatakayokuja. Majengo yakachelewa, na jiji likalipia riba kutoka bajeti yake la sivyo hati zingeanguka. London nao hiyo Crossrail yao ilitakiwa kufunguliwa Desemba 2018, ikafunguliwa Mei 2022, na mikopo ya kuziba pengo ikawekwa kwenye tozo zile zile za wafanyabiashara.

Malalamiko yangu ni ya kipindi kile cha maswali. Aliulizwa mkopo utakuwa wa sarafu gani, akasema "itategemea". Itategemea! Nauli na kodi zinaingia kwa fedha ya nyumbani. Ukikopa kwa fedha ya kigeni na yako ikashuka thamani asilimia 30, deni linapanda asilimia 43 asubuhi moja bila kuongeza hata behewa. Na mwenye kununua hati anauliza kitu kimoja: chanzo gani kimefungwa kwa sheria kwa ajili ya kunilipa, na kinazidi marejesho mara ngapi? Mpe angalau mara moja na nusu. Chanzo ambacho baraza la jiji linaweza kukihamishia kwingine mwakani hakikopeshwi, au kinakopeshwa kwa riba ya kuua.

Los Angeles walipiga kura: kodi ya mauzo ya nusu asilimia mwaka 2008, nusu nyingine 2016, na orodha ya njia zitakazojengwa ikaambatanishwa na sheria iliyopigiwa kura. Katikati, 2012, walipata asilimia 66 na ushei ya kura, wakashindwa, kwa sababu sheria ilitaka theluthi mbili kamili. Ubaya wa kodi ya mauzo ni kwamba inambana maskini zaidi, na uchumi ukiyumba inayumba nao.

Lango la Tatu

Na wenye magari je? Hakuna aliyewagusa leo. Singapore wanatoza kuingia katikati ya jiji tangu 1975, wakati huo kwa karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. London 2003. Stockholm walifanya majaribio Januari hadi Julai 2006, magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua karibu moja ya tano, kisha 2007 ikawa ya kudumu. New York wameanza Januari 2025 kwa dola 9, na lengo ni kukopea dola bilioni 15 za kukarabati na kupanua usafiri.

Mnapokosea ni mpangilio. Stockholm mabasi ya ziada yalianza Agosti 2005, miezi minne na zaidi KABLA ya tozo. Ukitoza kwanza na kuahidi mabasi baadaye, umeiua mwenyewe. Na usisahau maegesho: Nottingham kule Uingereza tangu 2012 mwajiri mwenye nafasi 11 au zaidi za wafanyakazi kuegesha analipia kila nafasi, na fedha ikasaidia kujenga njia mpya za tramu.

Kituo cha Mwisho

Mwajiri atozwe moja kwa moja kwenye mishahara bwana. Paris tangu 1971 waajiri wanakatwa asilimia ya jumla ya mishahara, sasa ni kwa wenye wafanyakazi 11 na kuendelea, viwango vya juu kabisa katikati ya jiji. Inalipa ujenzi na uendeshaji pia. Anayeletewa mfanyakazi mlangoni kila asubuhi alipie.

Reli Mbili

Jamani, yote hayo mazuri, na NDIYO MAANA inauma! Vyanzo vyote hivyo vipo duniani, yeye kaweka neno moja. Turudi kwenye "abiria watazoea". Tumuandikie barua ya pamoja.

Njia ya Basi

Barua ya nini? Mimi nalalamikia nyinyi. Mnazungumzia kuchimba kilomita 20 wakati barabara zipo juu. Bogotá kule Kolombia walianza mabasi ya njia maalum mwaka 2000, na sehemu ya fedha ilitoka kwenye tozo ya petroli. Rangi, vizuizi vya zege, vituo vya kulipia kabla ya kupanda, taa zinazolipatia basi kipaumbele. Anza na hayo, treni itafuata.

Bi Hesabu

Na usipoacha njia ya pili ya kupitana pale kituoni, basi moja likiharibika linasimamisha yote. Watu wanaikata hiyo njia ili kubana gharama, kisha wanashangaa foleni ya mabasi matupu nyuma ya basi bovu.

Njia ya Basi

Hapo tuko pamoja. Ila na wewe umesema mabasi ni "rahisi" mara ngapi kwenye nyuzi zako? Mabasi 200 yanataka dereva 200 kwa zamu moja. Treni moja ndefu inataka mmoja.

Chumba cha Mitambo

Mnabishana basi na treni, hakuna aliyesema stesheni. Fedha inazama kwenye stesheni. Awamu ya kwanza ya treni ya chini ya Second Avenue pale New York, iliyofunguliwa 1 Januari 2017, ilimeza karibu dola bilioni 4.5 kwa stesheni mpya tatu. Mashimo makubwa kama mapango, vyumba vya wafanyakazi kila pembe, ghorofa ya kati yenye urefu wa jukwaa zima. Punguza ujazo wa shimo kwanza, ndipo uulize fedha itoke wapi.

Karakana Kuu

Haya, mkishajenga? Kila mtu anataka utepe, hakuna anayetaka mashine ya kuchonga magurudumu. Gurudumu la treni linapata bapa breki inapolikaza likateleza badala ya kuzunguka, hasa reli ikiwa na maji au majani. Usipolichonga linapiga reli kila mzunguko, reli inapasuka, beringi za ekseli (mhimili wa magurudumu) zinakufa kabla ya wakati. Mashine hiyo inafungwa chini ya sakafu ya karakana, shimo lake linachorwa tangu ramani ya kwanza. Ikiondolewa kwenye bajeti, kuichimbia baadaye ni kufunga nusu ya karakana. Na treni za akiba wekeni angalau asilimia 10 hadi 15 ya zinazokuwa njiani kila siku, la sivyo hakuna ya kuingia kwa fundi.

Njia ya Basi

Na mabasi ya betri mbona hamsemi? Betri itabadilishwa katikati ya uhai wa basi, na sijaona mkataba ulioitengea mfuko.

Karakana Kuu

Fungua uzi wako wa betri. Hapa ni magurudumu.

Reli Mbili

Hapa ni ABIRIA WATAZOEA!!

Chumba cha Mitambo

Karakana, hiyo mashine inachonga gurudumu moja moja au ekseli nzima? Ya ekseli mbili kwa pamoja inataka shimo refu zaidi, na msingi wake usigusane na msingi wa jengo, mtetemo utaharibu vipimo.

Karakana Kuu

Ya ekseli moja inatosha kwa treni 30 hivi, ukipanga zamu ya usiku. Mbili kwa pamoja ni kwa vichwa vya treni ambavyo mota zake zimeunganishwa. Na chipsi za chuma ziwekewe mkanda wa kuzitoa, zikirundikana shimoni fundi anakatika.

Njia ya Basi

Uzi wa betri nimeufungua. Njooni.