Alama za p na f kwenye karatasi ya wimbo: nisaidieni kabla ya Jumamosi

MwanakwayaKisumu: Hamjambo wote. Wimbo wetu una p, mf, ff, halafu mistari miwili inayofunguka kama mdomo wa kiboko. Huimbwaje? Siku mbili sijapata usingizi.

TenoMstaafu: Ni Kiitaliano, omera. p ni piano, sauti ndogo. f ni forte, sauti kubwa. m ni mezzo, nusu: mf ni kubwa kiasi. Herufi ikirudiwa, inazidi. Mdomo ukifunguka sauti inakua taratibu, ukijifunga inapungua. Na tafadhali, sauti ndogo si kuimba polepole! Mwendo haubadiliki. Hapo ndipo kwaya nyingi huzama.

MamaAlto: Kwetu Nakuru vijana walinunuliwa spika mpya. Sasa hata sala ya kimya ni ff.

BesiNzito: Kwani mwalimu wenu anasemaje?

MwanakwayaKisumu: Hayupo.

BesiNzito: Hayupo, au hamsikizani?

MwanakwayaKisumu: Haya. Mwalimu ni mimi. Yule wa kwanza alihamia Eldoret, nikajitolea, nikasema nota nazisoma. Wiki tatu nimewafundisha p ni pumua, f ni funga mdomo. Lakini wameshika vizuri, hata wazee wamesifu. Nikibadilisha leo nitawachanganya. Si kila kwaya ina mtindo wake?

BesiNzito: Na ff?

MwanakwayaKisumu: Funga kabisa.

TenoMstaafu: Pale mtunzi alipotaka paa litikisike! Tchaikovsky, yule Mrusi, kwenye simfonia yake ya sita ya 1893 aliandika p sita mfululizo. Wako wangepumua mara sita.

MzeeWaKanisa: Uongo ni dhambi hata ukiwa wa nota. Waombe radhi leo jioni, kijana.

JichoKali: Mnachezewa. Kwaya nzima haina hata mmoja aliyeimba mashindano ya muziki shuleni? Na mwezi jana huyu huyu aliuliza hapa dawa ya kuku, akasema anaishi Lanet, kule Nakuru, si Kisumu.

MwanakwayaKisumu: Kuku ni wa shemeji. Nilikuwa nimemtembelea.

MamaAlto: Walipona?

MwanakwayaKisumu: Wawili walikufa. Jamani, fp je? Iko mstari wa mwisho.

TenoMstaafu: Anza kwa nguvu, kisha shusha sauti hapo hapo.

MwanakwayaKisumu: Eh. Sisi hapo tunafunga mdomo, halafu tunapumua.