Naomba ushauri: nachomwa chanjo ya majaribio wiki hii

Mleta mada: Wakuu, nawasalimu kutoka Kirumba. Nimejitolea katika utafiti wa awamu ya kwanza wa chanjo mpya ya nyongeza, ile inayobebwa na kirusi cha mafua kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana. Naomba kujua kama homa ya sindano humzuia mtu kufanya kazi nzito.

Mchangiaji 1: Ndugu, mwili si gunia la dagaa hata uuzwe kwa nauli ya daladala.

Mchangiaji 2: Mimi ni muuguzi. Chanjo ya Ebola ya dozi mbili, Ad26 (nayo hubebwa na kirusi cha mafua) kisha MVA (hubebwa na kirusi cha chanjo ya ndui kilichodhoofishwa), ilipitia awamu hiyo hiyo hapa Mwanza, na mwaka 2020 Ulaya ikaiidhinisha. Homa kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili. Kazi nzito ni ipi?

Mchangiaji 3: Nilipochanjwa Uviko mkono uliniuma hadi mke wangu akanilisha ugali. Sikulalamika, na nikaongeza siku ya tatu kwa makusudi.

Mleta mada: Ni uvuvi.

Mchangiaji 2: Wapi?

Mleta mada: Kambi ya Goziba, kisiwa cha Ziwa Victoria, majuma matatu. Watafiti niliwaambia kwamba nashinda mjini. Wamenipa kipimajoto, kadi ya kujaza kila jioni na rula ndogo ya kupimia uvimbe begani, na vyote naweza kuvitumia kisiwani. Fomu ya ridhaa nimeshasaini, na tajiri wa mtumbwi ameshanikopesha.

Mchangiaji 2: Awamu ya kwanza ipo kwa ajili ya usalama: watu wachache, na kila dalili hufuatiliwa kwa karibu. Ukizidiwa saa nane usiku ziwani, ile namba ya dharura utaipigia mtandao upi? Waambie ukweli kabla ya kuchomwa, kwani kujitoa ni haki yako hata baada ya kusaini.

Mchangiaji 4: Hadithi hii ni ya kutungwa. Juzi mwezi ulikuwa mpevu, na mbalamwezi inapowaka dagaa hawafuati taa. Mvuvi gani huyo anayekwenda kambini sasa?

Mleta mada: Mkuu, sikusema naondoka leo. Giza likianza tunapakia taa na nyavu, yaani siku ya tano baada ya sindano, na kadi inadai siku saba. Hizo mbili ndizo zinazoninyima usingizi.

Mchangiaji 4: Basi mwombe tajiri akungoje siku mbili. Giza ni refu.

Mleta mada: Hamumjui tajiri wangu.